Kijiko cha Chiriku

Kila Chiriku akitoka chumbani kwa bibi yake, tumbo lilimkata. Nilihesabu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Binti yangu wa miaka minne, aliyepewa jina hilo kwa kuongea bila nukta, sasa alijikunja kimya juu ya vitambaa vyangu, anatapika, hataki kula.

Mimi ni fundi cherehani. Nilipokaa niliona vizuri mlango wa mama mkwe, na bakuli alilomlishia mtoto. Siku ya harusi yetu alisema mwanawe angepata bora zaidi. Mtu wa namna hiyo humgeuzii mgongo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nilisema kwa sauti, nikikata uzi kwa meno.

"Unasema na nani, mkamwana?"

"Na cherehani, mama."

"Basi iambie ipunguze kelele."

Nikaweka sheria: hakuna kinachoingia kinywani mwa Chiriku kabla sijakionja, kwa kijiko chake hichohicho, mbele ya bibi. Mama mkwe alinitazama nikilamba kijiko, nikichota tena, nikimlisha mtoto. Hakusema neno. Nikauhesabu ukimya wake kuwa ushahidi.

Mtoto akazidi kukonda. Hospitalini walipima choo chake, na daktari akatuita sote wawili, mimi na mama mkwe.

"Ana mdudu tumboni."

Nikamgeukia mama mkwe. "Mdudu! Nani kamtia?"

"Mama Chiriku, tulia. Ni bakteria, anachubua tumbo kwa ndani, ndiyo maana linamkata akila. Dawa ipo. Mara nyingi watoto humpata kwa watu wa nyumbani."

"Umesikia, mama? Watu wa nyumbani!"

"Nimesikia. Daktari, nipime mimi kwanza."

Daktari alikuwa bado ananitazama mimi. "Nani anatumia kijiko kimoja na mtoto?"

"Mimi," nikajibu kwa fahari. "Kama ni sumu, inianze mimi."

"Tangu lini?"

"Kila kitu, mwezi huu. Uji, tangu alipoota jino la kwanza. Napima joto."

"Na wewe tumbo halikusumbui?"

"Kiungulia tu, cha miaka. Nani hana?"

Tukapimwa sote wawili, majibu yakatoka. Mama mkwe, safi. Mimi, ninaye. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni kijiko, lakini dawa tutakunywa wote, mimi na mwanangu.

Njia nzima nilingoja mama mkwe anisimange. Hakunisimanga mpaka jioni, alipokuja na supu na vijiko viwili.

"Ulisema kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Na nguo si unashona mwenyewe?"

Nikapokea kijiko changu.

"Mbona mama ana kijiko chake?" Chiriku akauliza. Kwa siku nyingi hakuwa ameuliza chochote.

"Amekua," bibi yake akajibu.

Nikalitazama lile bakuli. Mkono ulitaka kuonja. Mazoea yana taabu. Nikausukuma mkono chini ya paja, nikamwachia mama mkwe amlishe.