Ndiyo Mbili kwa Gari Moja

Fundi wa rangi alikuwa na kasoro moja kubwa: hakujua kumkatalia mtu wa ukweni. Kwa mteja wa kawaida angesema bila kupepesa macho kwamba rangi aliyoichagua inafaa tangi la maji. Lakini mama mkwe alipofika gereji na kuagiza lile gari la spoti la Bibi, mama yake mzazi, lipakwe kijivu, fundi aliinamisha kichwa na kusema, "Sawa, mama." Na jioni ileile Bibi, mwenye gari lake, alipomvuta shati na kumnong'oneza kwa utani wao wa siku zote, "Mume wangu, unajua ni rangi ya machungwa, kama zamani," fundi alisema, "Sawa, bibi." Akawa ametoa ndiyo mbili kwa gari moja.

Bibi alilinunua gari hilo ujanani, enzi akishindana mbio za magari na wanaume na kuwarudisha makwao wamenuna. Baadaye likatupwa bandani, kuku wakalifanya lao. Fundi alilifumua lote. Injini ilishafufuka, milango ikanyooshwa, na matundu ya kutu akayaziba na kuyasugua kwa msasa mpaka ncha za vidole zikamlainika. Ilibaki rangi tu, na hapo ndipo usingizi ulipoanza kumruka.

"Ndiyo kwanza mama ameanza kukuita mwanangu," mkewe alimwonya. "Ukicheza, utarudi kuwa 'yule fundi'."

"Na Bibi je?"

"Bibi ni mke wako. Malizaneni wenyewe."

Siku ya kupiga praima, ile rangi ya chini inayoishikilia rangi yenyewe, fundi alimwaga maji sakafuni kutuliza vumbi, akafunika vioo kwa magazeti, akawasha kompresa ya kupulizia rangi. Praima yake ilikuwa ya kijivu, kama zilivyo nyingi. Alikuwa ndio kwanza anavua barakoa mama mkwe alipotokea mlangoni. Mama huyo alilizunguka gari taratibu, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Mwanangu, umenitendea haki," akasema. "Hii ndiyo rangi ya mtu mzima. Haing'ai hata kidogo."

Fundi alifungua kinywa aeleze kwamba hiyo si rangi bado. Kilichotoka ni, "Asante, mama."

Alijiona mjanja kweli. Kwa siku moja angalau kila mtu alikuwa na amani. Ujanja wenyewe ulidumu mpaka alasiri, mama mkwe aliporudi amemshika Bibi mkono, amemleta aone kazi ilivyokwisha.

Kwa kawaida Bibi alianza utani tangu getini, akimuuliza fundi atamwacha lini mjukuu wake ili waoane wao. Safari hii alilipitishia gari macho tangu mbele hadi nyuma. Injini aliijua kwa mlio tu, lakini mambo ya rangi sikuzote aliwaachia mafundi, na binti yake alishamwambia njia nzima kwamba limekwisha.

"Limependeza," akasema hatimaye. "Ahsante, fundi."

Alisema fundi, wala si mume wangu. Akageuka akaondoka, na binti yake akamfuata akiwa ameridhika kabisa. Fundi alibaki na tambara mkononi, aibu imemjaa. Bibi ndiye aliyempokea kwanza ukoo mzima ulipokuwa ukimkagua kama nyanya za kuchagua, na sasa alikuwa ameondoka akidhani mume wake wa utani amemsaliti.

Asubuhi alichanganya rangi ya machungwa. Aliipiga kwa mkono mwepesi, tabaka juu ya tabaka, akamaliza kwa vanishi, na gari likawaka mpaka mafundi wa jirani wakaja kuchungulia. Alipohakikisha limekauka, alinawa, akavaa shati safi, akaenda ukweni kabla maneno hayajamtangulia. Mama mkwe alikuwa anakunja nguo. Bibi alikaa dirishani, amewapa mgongo.

"Mama, nimekudanganya," fundi akasema. "Ile kijivu ilikuwa ya chini tu. Gari ni la Bibi, nimelipaka alivyotaka yeye. Nilipaswa kukwambia siku ileile."

Bibi aligeuka. Mama mkwe aliikunja kanga aliyoshika, akaikunja tena mpaka ikabaki kama kitambaa cha mkononi. "Twende nikalione," akasema.

Walipofika gereji, mama mkwe hakumtazama fundi. Alilitazama gari muda mrefu, kisha akamgeukia mama yake.

"Unajua kwa nini siipendi rangi hii?"

"Kwa ajili ya majirani," Bibi akajibu.

"Majirani gani, mama. Nilikuwa nasimama getini na shangazi, wewe unaondoka na msoma ramani wako. Nikiiona rangi hii inakata kona, najua nimebaki. Viti vyenyewe viwili tu. Sikupakiwa hata siku moja."

Bibi aliinama akavitazama vile viti viwili.

"Nilidhani hupendi magari," akasema kwa upole.

"Hukuniuliza."

Fundi alijitia kufuta taa ambayo haikuwa na vumbi. Machozi yalimlenga, akasingizia vanishi. Aliposikia mlango unafunguliwa aliinua macho: Bibi alikuwa amefungua upande wa abiria, ameushikilia.

"Nisamehe, mwanangu," Bibi akasema. "Ingia."

"Sijui kusoma ramani mimi."

"Nionyeshe kwa kidole, inatosha."

Mama mkwe alisita. Kisha akavua mkoba begani, akautupa upande wa fundi bila hata kumtazama. "Nishikie, mwanangu," akasema, akaingia.

Walikubaliana kuzunguka mtaa tu. Gari likanguruma, likatoka getini, na fundi akasimama barabarani akiwasubiri, mkoba kwapani. Baada ya kitambo liliibuka kona ya pili. Bibi alipunguza mwendo kuelekea gereji, lakini mama mkwe akatikisa kichwa na kunyoosha kidole mbele, kwenye barabara kuu, na gari likapita.