Gari Lenye Jicho la Nyuma

Gari lilipofika kutoka Mombasa, Agosti ya 2007, sikuingia ndani kula. Nililizunguka, nikafungua milango na kuifunga, nikanusa viti. Lilikuwa la rangi ya fedha, limetumika Japani, ila mtu angekuambia limetoka kiwandani jana ungemwamini. Kabla ya hapo tulikuwa na pikapu tu ya duka la Papa, na mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Katika nyumba yetu ya mtaa wa Section 58, Nakuru, hakikuwahi kuingia kitu cha kung'aa namna ile.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni jicho. Ukiweka gia ya rivasi, kioo kidogo karibu na redio kinawaka na unaona kila kitu kilicho nyuma yako: geti, ndoo, paka wa jirani. Kwenye bampa ya nyuma kulikuwa na vidude vya mviringo vinavyopima umbali. Ukikaribia kitu vinalia tit, tit, tit, na ukikikaribia sana sauti inaungana na kuwa tiiiii moja ndefu. Juu ya hayo yote, kila ukiwasha injini, mwanamke asiyeonekana alikusalimu kwa Kijapani. Mdogo wangu Mansi alimwitikia kwa Kigujarati, kwa adabu, eti mgeni asijisikie vibaya.

Papa anauza pampu za maji na za kunyunyizia dawa mashambani, na mjini wanamwita Vikram wa Pampu. Ni mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: akinunua kitu, lazima kiwe bora kuliko alivyokitengeneza mwenyewe aliyekitengeneza. Jioni ile alimwita mama yake, nyanya yetu Leela, ambaye sote tunamwita Ba. Akamsimamisha nyuma ya gari.

"Ba, hii gari inakuona," alimwambia. "Wewe simama tu hapo. Hata dereva alale, haiwezi kukugonga."

Masikio ya Ba yamechoka, kwa hiyo aliomba arudiwe. Papa akarudia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Nilimwambia kwamba gari linapiga kelele tu, halijishikii breki. Akaniambia niache ujuaji, leseni yenyewe haijakauka wino. Mimi nikikatizwa hivyo hununa siku nzima, lakini gari lilikuwa zuri mno, nikashindwa kununa.

Kesho yake Ba alilibariki, maana kwetu gari jipya haliendi popote bila baraka. Nazi ilipasuliwa, ndimu zikawekwa chini ya magurudumu zikasagwa, na boneti ikapakwa kumkum, ule unga wetu mwekundu, uliokandwa kwa samli. Ba alikuwa ameambiwa kwamba gari lina jicho, basi jicho nalo likapakwa, tena kwa upendo, likajaa. Kisha akatunga ndimu na pilipili mbichi kwenye uzi mweusi wa kuzuia kijicho. Watu huning'iniza uzi huo mbele. Ba alifunga wa mbele, halafu akafunga mwingine nyuma, kwa sababu, alisema, watu wa Nakuru hukusifu usoni na kukuonea wivu ukishapita.

Ndimu ya nyuma ilining'inia mbele ya kidude kimojawapo. Tangu siku hiyo ukiweka rivasi kioo kilikuwa chekundu tupu, na sauti ilianza palepale kwenye tiiiii na haikukatika mpaka ubadilishe gia.

Ungedhani mtu angeondoa uzi. Papa hubishana na askari wa kanjo, wale wa manispaa, mpaka wanachoka wanamwachia, lakini uzi uliofungwa na mama yake hakuthubutu kuugusa. Kuzima sauti hakuweza pia, vitufe vyote vilikuwa vya Kijapani. Ikabaki kusema, "Ni ndimu tu." Alisema hivyo akitoka dukani, akasema hivyo akitoka hekaluni, na kabla ya siku nyingi sote tulikuwa tunasema. Gari likilia, Mansi aliimba kutoka jikoni: ni ndimu tu, ni ndimu tu. Kila Jumamosi Ba alikata ndimu iliyokauka na kufunga mbichi, na kelele ikaendelea na afya yake nzuri.

Sasa, mimi nilikuwa na langu. Rafiki yangu Njoki, tuliyesoma naye sekondari, alikuwa anafanyiwa ruracio kwao Dundori, wakwe wanakuja na mahari, na nilikuwa nimemwapia kwamba nitafika nikiendesha mwenyewe. Njoki alikuwa akiendesha pikapu ya viazi ya baba yake tangu kitambo, na kila tulipoonana aliniuliza kama bado nabebwa nyuma kama mzigo. Nilikuwa tayari kufa kuliko kubebwa siku ile.

Papa akaweka sharti. Gari hulala pua ikielekea ukuta wa jikoni, na geti letu ni jembamba. Nitoe gari kwa rivasi kutoka jikoni hadi barabarani, kwa mkupuo mmoja, bila kugusa ukuta na bila kusimama hata mara moja. Nikisimama, anaendesha yeye. Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha, nikawa nazungusha usukani chini ya blanketi.

Jumamosi ikafika, jua limewaka, na mimi nimevaa viatu vya bapa kwa ajili ya pedali. Papa aliwasha injini mapema ipate moto. Mansi alikaa nyuma na hotipoti ya dhokla, keki zetu za unga wa dengu, mapajani. Mama alikuwa Kisumu kwa dada yake, na Ba, tulivyodhani, alikuwa ndani anatafuta shali, kwa sababu Dundori kuna baridi. Nikaingia upande wa dereva, nikasogeza kiti, nikapanga vioo vizuri bila haraka. Papa akaketi kando yangu, mikono kifuani.

Nikaweka rivasi. Kioo kikawa chekundu. Tiiiii.

"Ni ndimu tu," tukasema wote watatu, na Mansi akacheka. Nikalegeza breki, gari likaanza kutambaa.

Nikainua macho kuangalia ukuta wa jikoni mbele yangu. Pale kwenye ngazi ya mlango, juu ya kipande cha gazeti, kulikuwa na ndimu. Kavu, rangi ya kahawia, na pilipili zake zimenyauka. Uzi wake mweusi ulikuwa umekatwa.

Niliitazama nikaona ni kitu cha kawaida, ndimu ya wiki iliyopita inasubiri kutupwa. Halafu nikafikiri tena. Ikiwa ndimu iko pale, huku nyuma kinacholiliwa ni nini?

Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Hotipoti iligonga kiti changu mgongoni.

"Umesimama," alisema Papa, bila hasira, kama refa. "Haya, toka. Naendesha mimi."

"Papa, ndimu iko pale jikoni."

Alifuata kidole changu. Nilimwona akiiona, kisha nikamwona akielewa, na uso wake sitausahau. Alitoka akaacha mlango wazi. Nikavuta breki ya mkono, nikazima injini na kumfuata.

Ba alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, sindano mdomoni, uzi mkononi, ndimu mbichi imeshatungwa. Bampa ilikuwa imegusa mkunjo wa sari yake begani. Alituinulia macho, akatoa sindano mdomoni na kuuliza mbona tumesimama, alikuwa anamalizia.

Papa akamuuliza kwa nini hakuondoka gari lilipoanza kumjia.

"Niondoke kwa nini?" alisema Ba. "Si ulisema inaniona?"

Papa aliketi chini, palepale kwenye saruji, na suruali yake ya kupigwa pasi, akaweka kichwa kwenye magoti ya mama yake. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini nililia. Mansi alilia na hotipoti mkononi. Ba alitutazama sote, akasema tunaangusha ndimu.

Hatimaye Papa akasema, na najua ilimgharimu, kwa sababu ilibidi aseme kwa sauti kubwa asikike. "Haikuoni, Ba. Inapiga kelele tu. Kuona ni kazi ya dereva, na breki ni mguu wake. Nilijisifu." Kisha akamaliza yote: kwamba kumkum imeziba jicho, kwamba ndimu inafanya gari lilie bure, na kwamba sote tumezoea kutolisikiliza.

"Na hukuniambia?"

"Niliogopa utaumia."

Ba alifikiri. Akasema kwa maisha yake yote hajasikia ujinga wa namna hiyo, mtu kuogopa kumuumiza kwa maneno halafu anamkanyaga kwa gari. Akalowesha ncha ya sari kwa mate, akafuta jicho mpaka likang'aa, na ndimu mbichi akaenda kuifunga mbele pamoja na nyingine. Kisha akapanda kiti cha mbele, kiti cha Papa, akajifunika shali.

Nilisimama sijui niende upande gani. Nilikuwa nimeshindwa, sharti ni sharti. Papa akajifuta macho, akafungua mlango wa dereva na kunishikia.

"Ingia," alisema. "Na ukitaka kusimama mara mia, simama."

Nikaweka rivasi. Kimya. Kioo kikaonyesha geti, barabara, na miguu ya Papa aliyekuwa akirudi nyuma taratibu mbele ya jicho, mkono juu, akinielekeza. Niliangalia kioo, nikaangalia vioo vya pembeni, nikageuza shingo mpaka ikauma. Nilisimama mara kadhaa, tukatoka bila mkwaruzo, na nikaendesha hadi Dundori nikiimba, Ba akinipigia makofi kila kona, hata zile nilizozikata vibaya.

Kwa kina Njoki uwanja ulikuwa umejaa magari na watoto wanakimbia katikati. Niliona nafasi, nikaweka rivasi, tit ya kwanza ikalia. Sijafika popote, Papa alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kuruka nje. Alizunguka bampa, akainama akachungulia chini ya gari, akainuka, akainama tena.

Njoki alikuja mbio na nguo zake za sherehe, akanikumbatia kupitia dirishani akipiga vigelegele. Halafu akamwona Papa.

"Ankita, babako anatafuta nini huko nyuma?"

Ba alijibu kutoka kiti cha mbele, huku anafungua mkanda wake.

"Ananitafuta mimi."