Wimbo wa Chumba cha Mvua

Mluzi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata akiosha vyombo hupiga mluzi, alikuwa ametunga muziki wa mchezo mzima wa kompyuta. Lakini wimbo aliojivunia ni mmoja tu, wa chumba cha mvua. Humo msafiri wa mchezo huingia nyumba ndogo, mvua inanyesha juu ya bati, kinanda kinaanza polepole. Wimbo ukiisha hurudia mwanzo, na Mluzi alikuwa ameuunga vizuri hata yeye mwenyewe hakusikia palipoungwa. Alivimba kichwa kidogo, tusifichane.

"Umeniponza," bosi alimwambia ofisini. "Wanaojaribu mchezo wakiingia mle hawatoki. Hawatafuti ufunguo, hawapigani na mtu. Wanakaa tu!"

"Si ndiyo sifa ya muziki mzuri?"

"Wa redioni, sawa. Huu kazi yake ni kumpeleka mtu mbele. Urekebishe, la sivyo nautoa."

Mluzi alirudi nyumbani amenuna. Kaka yake alikuwa sebuleni, pale pale alipomwacha asubuhi, chai imepoa mbele yake. Alihamia kwa Mluzi baada ya mkewe kufariki. Msibani hakulia, na hadi siku hiyo alikuwa hajalia. Mluzi alimpa mchezo aujaribu, apunguze mawazo. Sasa msafiri wake alikuwa amesimama dirishani mwa chumba cha mvua.

"Bado uko hapo, kaka?"

"Pametulia, mdogo wangu. Nikiwa hapa naona kama wifi yako ametoka kidogo tu, anarudi sasa hivi."

Mluzi aliitazama skrini. Kumbe kwa ufundi wake wote alikuwa amemjengea kaka yake mahali pa kungojea asiyekuja. Auondoe wimbo? Huko kungekuwa kumnyang'anya blanketi mtu anayetetemeka.

Akakaa na kinanda, akafumua alichokuwa amekiunga. Sauti nne za mwisho akazitoa chumbani, akaziweka nje, barabarani, ng'ambo ya mlango. Ndani, wimbo sasa ulipanda, ukapanda, ukanyamaza kabla haujafika. Ikabaki mvua. Kisha ukaanza upya.

Alimwekea kaka yake mchezo ule, akajitia anakunja nguo.

Wimbo ukapanda, ukakatika. Kaka akainua kichwa.

"Umeuharibu."

"Sijauharibu."

"Mbona haumaliziki?"

"Unamalizika. Ila si humo ndani."

Kaka akasonya. Akausikiliza tena, na tena, na kila ulipokatika mabega yake yalipanda kama ya mtu anayetafuta chafya. Mluzi alikuwa anakunja shati lile lile. Hatimaye msafiri akageuka, akatembea hadi mlangoni, akasimama.

"Nikitoka, naweza kurudi?"

"Haufungwi huo mlango, kaka."

Ukafunguka. Sauti zile nne zikaja mojamoja juu ya barabara iliyolowa, ya mwisho ikakaa hewani muda mrefu, ikatua. Hakuna kilichorudia. Kulikuwa na mwanga tu, na njia.

Kaka akaweka padi ya kuchezea sakafuni, taratibu.

"Mke wangu amekufa," akasema. Alikuwa hajawahi kulitamka.

"Ndiyo, kaka."

Akaangua kilio, kilio kikubwa cha mtu mzima, na Mluzi akamkumbatia, akimshukuru Mungu kwa kila chozi.