Pigo Moja Mkononi mwa Marsela

Ndugu yangu Damiano alishamaliza kuchimba kaburi la mkewe, na mimi bado naosha maiti. Haraka gani hiyo jamani? Ati mvua inakuja, na kwetu Kakese kaburi likishachimbwa halilali tupu, litaita mwingine.

Marsela, wifi yangu, mwaka mzima alikuwa anapoa. Jua la Oktoba linatutoa jasho, yeye kajifunga kanga mbili na koti la mumewe. Uso umevimba, sauti imekuwa nzito, shingoni kuna uvimbe. Shambani anasinzia jembe likiwa mkononi. Watu wakamwita mvivu, wengine wakasema karogwa. Asubuhi ile hakuamka. Tulimgusa, baridi tupu, kifua hakipandi wala hakishuki.

Basi nikashika mkono wake niunyooshe, kitu kikanigonga kidoleni. Pigo moja tu. Nikangoja mpaka nikajiambia, Pelagia wewe, uchungu umekupanda kichwani. Kisha kikagonga tena.

"Mama Dafrosa! Mwanao hajafa!"

Mama mzazi wa Marsela, pale pembeni, akaanza kulia. "Usinitese, mwanangu."

Damiano akaja mlangoni na matope yake miguuni. "Dada, mwache apumzike. Kaburi linajaa maji."

"Kama una haraka nalo, ingia wewe!"

Nilimtukana mpaka akaenda kuomba trekta la kijiji. Lilikuwa jipya, la mwaka ule wa sabini na sita, na dereva hakutaka kupakia maiti, tukambembeleza mpaka akakubali. Tulimlaza Marsela kwenye tela, nikamshika mkono njia nzima hadi Mpanda. Kila tela liliporuka nililipoteza lile pigo, na roho yangu nayo ikaruka.

Hospitalini, Daktari Alois alimsikiliza kifuani muda mrefu, Damiano akaanza kukohoa kwa wasiwasi.

"Yu hai," akasema. "Lakini kidogo sana. Moyo una umeme wake unaouamsha upige. Tezi hii ya shingoni hutoa maji yanayouchangamsha umeme huo. Yake imelegea, ndiyo maana mwili umepoa na moyo unasitasita. Nitampa dawa kidogo kidogo. Nikimpa nyingi kwa pupa, moyo utashtuka na kusimama."

Damiano alikaa chini, akafunika uso kwa mikono. Nilimwonea huruma, na hasira bado ninayo.

Daktari akamgeukia Dafrosa. "Mama, katika ukoo wenu kuna mwingine mwenye shingo kama hii?"

"Mdogo wake, Theopista. Naye alikuwa anasikia baridi, analala sana."

"Mleteni nimwone."

Dafrosa alimtazama Marsela pale kitandani, akautazama mkono niliokuwa bado nimeushika, kisha akamshika daktari koti.

"Theopista tulimzika Pasaka," akasema. "Tulimkuta asubuhi, baridi, hivihivi. Daktari, niambie. Mwanangu tulimzika amekufa?"