Mashavu ya Nadège

…na waone, waone vizuri, Adolphine anawaza, bamama wote wa foleni wamwone Nadège mashavu yalivyojaa, mpira umeshafungwa juu ya kiwiko cha mtoto na muganga Norbert anagongagonga ngozi kwa kidole akitafuta mshipa, atafute tu, mtoto mnene mshipa wake unajificha, hiyo si aibu, aibu ni tumbo kuvimba na nywele kuwa nyekundu, aibu ni kusikia watu nyuma yako wananong'ona bwaki, bwaki, ugonjwa wa kukosa lishe, eti mama alibeba mimba nyingine mapema, mimba gani jamani, na mume wangu Jérémie alikuwa amekimbilia Kigoma… na maneno hayo aliyaanzisha nani kama si mama mkwe, Marthe wa Nundu, na mandazi yake, anayakaanga tangu alfajiri na kumshindilia mjukuu mpaka anaharisha, kisha anatangaza kwamba mimi sijui kulea, mimi, niliyemficha porini nyuma ya Swima wakati wa risasi, tunakula mihogo na ndagala wakavu tu, kila mtoto anakauka na Nadège peke yake ananenepa, mpaka watu wakaniuliza naiba chakula wapi, halafu utulivu kidogo ukarudi, misaada ikaleta uji wa ngano na biskuti, watoto wa wenzangu wakapata nyama mwilini, wangu akaisha, nikasema ni ngano, wakacheka, Norbert tu hakucheka, alisema upo ugonjwa wa hivyo, utumbo unaikataa ngano, na daktari anayepita kwenda Uvira ataibeba damu ikapimwe ng'ambo, na Jérémie akaapa, damu ikisema ndiyo mama yake atanyamaza, ikisema hapana mtoto anahamia Nundu kwa bibi… itasema ndiyo, Adolphine hana hata wasiwasi… Norbert anasema kitu, mshipa uko chini, anakaza mpira, anauliza kama mtoto aliendelea na mkate, na Adolphine anaitikia ee, anaitikia kabla hajasikia vizuri, mkate, mkate gani… ah, siku ile mlangoni, mvua inapiga mabati, Norbert alimwambia, usimunyime mukate mpaka siku ya damu, na yeye akaitikia ee vilevile, lakini nani angemleta mtoto mbele ya daktari na tumbo limevimba, kwetu mtoto wa kupelekwa kwa wakubwa anaoshwa, anapakwa mafuta, analishwa kwanza apendeze, ndiyo maana tangu mwezi ulipoandama Nadège hajaonja hata kipande cha andazi, ni bugali ya mihogo, sombe ya majani yake na ndagala, ndiyo haya mashavu… ndiyo haya mashavu, Mungu wangu, Norbert alieleza, mvua ile ile, alisema damu inapigana na ngano ikiiona kila siku, ikikaa bila kuiona inatulia, na kipimo kitakuta vita imekwisha, kitasema hapana, mtoto hana kitu… hapana ni Nundu, hapana ni kikaango cha Marthe asubuhi na jioni, mtoto aliyeponea risasi amalizwe na mandazi, tena kwa mapenzi ya bibi yake… nyamaza basi, Adolphine, umeshaitikia, sindano inatoka kwenye karatasi yake, kusema ni kumrudishia mkate kwa mikono yangu mwenyewe mpaka damu itolewe siku nyingine, kumwona anavimba tena, ananililia tumbo usoni, inaniuma hata kuwaza, na bamama waseme bwaki, na Marthe acheke… acheke, acheke mpaka achoke, huyu nilimbeba mgongoni risasi zinapita juu ya kichwa, nitashindwa kubeba maneno ya watu? nitamleta na tumbo lake na nywele zake nyekundu, nitapita katikati ya foleni, polepole, watazame… kidole cha Norbert kimetulia, amepata mshipa, mpira bado umefungwa, Nadège anaitazama sindano, foleni inatazama mashavu.

"Muganga, ngoja kwanza," anasema, na anaifunika kwa kiganja ile sehemu ya mkono iliyopakwa spiriti. "Mi nilikudanganya. Mukate nilimunyima. Hii mashavu yote ni ya mihogo."