Jina la Ngassa Halitoki

"Yatoe hayo majina, dada Mageni. Hadithi itapendeza zaidi."

Ujumbe wa sauti wa Mwalimu Charles ulimkuta Mageni kazini Segese, kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, amekalia ndoo aliyoipindua, nyundo mapajani, vumbi limempaka hadi kope. Charles alikuwa Geita. Ndiye aliyeanzisha Wino wa Dhahabu, kundi la Wasapu la watu wanaopenda kusoma na kuandika. Mageni aliacha shule darasa la sita. Uandishi aliuokota humo, kwa kusoma vitabu kwenye simu iliyopasuka kioo na kuambiwa na watu asiowajua, hapa umepatia, hapa umechemka.

Sasa alikuwa ameandika hadithi ya kwake, akamtumia Charles. Duara la Magesa, shimo la wachimbaji wadogo, lilititia masika moja kaka yake Ngassa akiwa chini. Magesa akalifukia. Akasema wote walitoka, na huyo Ngassa atakuwa kahamia machimbo mengine, si mnawajua wachimbaji. Wakubwa wakaitikia kwa vichwa. Magesa akanunua maduara mengine, akawa mlezi wa kwaya, na mwaka huu mlezi wa Wino wa Dhahabu. Aliahidi kuwachapishia kitabu.

Mageni akapiga simu. "Mwalimu, nitoe jina lipi? La Ngassa au la Magesa?"

"Yote. Hadithi ni kitu cha kubuni, dada yangu. Kaka mwite Juma, yule mwite tajiri fulani. Kitabu kinatoka, na wewe umo. Unataka nini tena?"

"Nataka Ngassa awemo."

"Mzee Magesa ni mlezi wetu."

"Mimi hakunilea."

Akakata. Dorah, aliyekuwa akiponda mawe pembeni, alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Mwalimu wako kuku wa kisasa, Mageni. Akinyeshewa kidogo, kwisha." Kisha akamchokoza: "Lakini Juma si jina baya."

"Juma hakufukiwa."

Dorah akaokota nyundo yake.

Mchana Charles alilifunga kundi: maadmini tu ndio waliobaki na uwezo wa kutuma ujumbe. Akaandika kwamba kuna mwanachama anataka kuwachafua, watulie, mlezi ataamua.

Alisahau kitu kimoja. Mabingwa wa kalamu hawakutaka kazi ya kukaribisha wageni kila asubuhi, karibu sana, jitambulishe, soma kanuni. Waliiona kama kazi ya kuchemsha chai. Wakampa mwanamke, Mageni, na ili aweze kuwaingiza watu, Charles mwenyewe alimfanya admini. Leo alikuwa amefunga mlango, na Mageni yumo ndani na ufunguo.

Karasha lilikuwa limezimwa, linasubiri dizeli. Mageni akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Kaka yangu Ngassa aliingia duarani kwa Magesa," akaanza, "amevaa shati la kuazima kwangu."

Nyundo zikanyamaza moja baada ya nyingine. Alisoma yote, kila jina mahali pake. Akaituma. Halafu akalifungua kundi, kila mtu aweze kujibu.

Kisha mtu ambaye hakuwahi kuandika hata salamu akaandika: "Naitwa Mihayo. Nilikuwa na Ngassa chini, mimi nikatoka. Shati lilikuwa la bluu, limechanika kwapani."

Shati lilikuwa la bluu. Mageni hakuitaja rangi hiyo popote.

Alipoinua tena kidole kuandika, simu ikamwambia ameondolewa kwenye kundi.

"Wamekufukuza?" Dorah akauliza.

"Wamechelewa."

Namba ya Mihayo ilikuwa bado ipo kwenye kioo. Akaipiga.

"Kaka Mihayo, ni Mageni, dada yake Ngassa. Hadithi bado sijaimaliza. Nikuweke kwa jina gani?"

Upande wa pili bodaboda zilipita, nyingi. Mtu akakohoa.

"La kwangu," Mihayo akasema. "Weka na la baba, wasije wakasema ni Mihayo mwingine."

Mageni akavuta ndoo karibu. "Haya. Anzia kule chini, pale taa ilipozimika."