Dakika Thelathini za Fundi

Daftari la matembezi, la mpango wa kupunguza uzito wa binti yake, lilikaa kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na vipande vya chaki. Fundi alilijaza kila Ijumaa kwa mkupuo mmoja, akibadilisha kalamu ili lionekane limeandikwa siku tofauti. Jumatatu, dakika thelathini. Jumatano, dakika thelathini. Baba, mama na mtoto. Uongo mtupu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu bwana haikuvuka hata kizingiti cha duka.

Si kwamba hakumpenda mtoto. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, sare zimerundikana mpaka dirishani, na mkewe alikuwa zamu ya jioni kiwandani. Kila siku binti, miaka yake kumi, alikuja amevaa raba na kusimama mlangoni.

"Baba, leo?"

"Kesho, mama. Namalizia hii tu."

Miezi miwili ya kesho. Na sare ya mtoto ilipoanza kumbana, fundi hakusema kitu. Aliifumua ubavuni, akaiachia sentimita mbili, akaipiga pasi na kuirudisha kabatini. Akajiona baba mwema, kamsitiri mwanawe.

Jumamosi hiyo, kwenye ukumbi ambako familia za mtaa zilikutana kwa mpango wa kuwasaidia watoto wanene, muuguzi alimpandisha binti kwenye mizani. Akatazama namba, akatazama daftari, akarudi kwenye namba. Kilo mbili zaidi.

"Lakini nyie ndio mnaotembea kuliko wote," alisema. Kisha akamwinamia mtoto kwa upole, na bora angefoka. "Niambie ukweli, sitakugombeza. Kuna vitu unakula kwa siri?"

Fundi alijua kabisa kwamba hapo ndipo pa kusema. Neno moja lingetosha: nimedanganya. Lakini wazazi wengine walikuwa wanatazama, nusu yao wateja wake. Akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Binti aliutazama mgongo wa baba yake.

"Ndiyo," akasema. "Nakula kwa siri."

Muuguzi akaandika. Watoto wawili kwenye benchi wakaangua kicheko, mama yao akawafinya wanyamaze.

Nje, dereva wa pikipiki aliyezoea kuwarudisha nyumbani aliwasha injini. Fundi hakupanda.

"Mama, kwa nini umesema vile? Wewe huli kwa siri."

Binti alikuwa anachezea mshono wa gauni lake.

"Wewe ni fundi, baba. Wakijua unaandika vipimo vya uongo, nani atakuletea kitambaa?" Akavuta uzi uliochomoza. "Hata ulipofumua sare yangu niliona. Nilikaa kimya tu."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtoto wa miaka kumi alikuwa amempima baba yake, akakuta hatoshi, naye akamwachia nafasi ubavuni asiumbuke.

Akamshika mkono, wakarudi ndani. Wazazi walikuwa bado hawajatawanyika.

"Dada muuguzi," alisema, "mtoto wangu hali chochote kwa siri. Hatujatembea hata siku moja. Daftari nimelitunga mimi, na hapa nilinyamaza akaubeba uongo wangu. Amelipa yeye."

Muuguzi hakumkaripia. Alimpa daftari na kalamu, akasubiri, na fundi akaikata mistari aliyoitunga, ukurasa baada ya ukurasa mbele ya wateja wake, mkono mzito kama wa mwanafunzi.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Binti alihema kwenye mwinuko, baba akapunguza mwendo, mpaka wakafika kona ya duka.

"Baba, na kesho?"

Aliuliza bila kumtazama, kama mteja aliyekwisha zoea kuikuta nguo yake haijawa tayari.